Ukoo wa Targaryen: nani ni nani kwa nani, na swali lililouangamiza

Swali liliulizwa na mdogo wangu. Alikuwa anatazama House of the Dragon kwenye simu, akaigandisha picha na kuniuliza: "Huyu Rhaenyra na yule Daenerys wa zamani ni mtu na nani wake?" Nikasema ni bibi yake wa mbali. Rafiki yake akakataa: Rhaenyra alishindwa vita, kwa hiyo Daenerys ametokana na Aegon, yule mdogo wake. Wa tatu akadai kwamba wote waliuana na ukoo ukaanza upya na watu wengine.

Ubishi huu nimeukuta mara nyingi tangu tamthilia hiyo ianze mwaka 2022. Si ajabu. Majina yanajirudia, watu wanaoa ndugu zao, na tamthilia hii ya pili imetufikisha nyuma ya ile ya kwanza, Game of Thrones ya Daenerys, kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Lakini nasaba hii ina uzi mmoja unaoipitia yote, yaani swali la nani anafuata kitini, na ukiushika huo, majina yanajipanga yenyewe. Nitaeleza mpaka mwisho wa hadithi kama ilivyo vitabuni, hivyo anayetaka kushtukizwa na tamthilia aishie hapa.

Kwanza maneno. Targaryen ni ukoo wa kubuni, uliotungwa na mwandishi Mmarekani George R.R. Martin, nao unatawala bara la kubuni liitwalo Westeros. Nasaba ni mlolongo wa vizazi: nani kamzaa nani. Mrithi, katika habari hii, si mtu anayegawiwa urithi pamoja na wenzake. Shamba la mzee linaweza kukatwa vipande vinne, kila mtoto akapata pake pa kulima. Kiti cha enzi hakikatwi. Anakalia mmoja, wengine wanasimama. Ndiyo maana swali la nani anafuata lina uzito wa kuua. Na miaka ya hadithi ninayoitaja ni ya kalenda yao, inayoanza pale Aegon wa Kwanza alipovikwa taji mjini Oldtown.

Jambo jingine ni faida tuliyo nayo sisi tunaozungumza Kiswahili. Kiingereza cha tamthilia kina neno moja tu kwa baba mdogo na mjomba, na neno moja kwa shangazi na mama mdogo. Sisi tunayatenganisha. Ukimwita kila mtu kwa jina lake la udugu la Kiswahili, nusu ya mkanganyiko inaondoka.

Ukoo ulitoka Valyria, dola ya wafuga majoka iliyoteketea kwa siku moja. Targaryen waliokoka kwa sababu walikuwa wamehamia kisiwa cha Dragonstone miaka 12 kabla, baada ya binti mmoja wa ukoo, Daenys, kuuona mwisho huo ndotoni. Miaka mia moja hivi baadaye Aegon aliiteka Westeros kwa majoka matatu, isipokuwa Dorne kusini. Alikuwa ameoa dada zake wawili. Visenya alikuwa mkubwa kwake, Rhaenys mdogo kwake, na kila mmoja alimzalia mtoto wa kiume. Aenys alitoka nyumba ya Rhaenys, Maegor nyumba ya Visenya. Aenys alipofariki mwaka wa 42, kiti kilikuwa cha mwanawe, aliyeitwa Aegon vilevile. Maegor, baba yake mdogo, akakinyakua, na mwaka uliofuata akamuua kijana huyo vitani.

Hapa ndipo uzi wetu unapoanza. Kijana aliyeuawa aliacha mabinti wawili, na mmoja wao, Aerea, aliwahi hata kutajwa na Maegor mwenyewe kuwa mrithi wake. Maegor alipokutwa amekufa juu ya Kiti cha Chuma, yaani kiti cha enzi cha Westeros, mwaka wa 48, bila mtoto, nani alistahili? Kwa hesabu ya nyumba, Aerea alikuwa mtoto wa kaka mkubwa. Lakini alikuwa mtoto mdogo tena wa kike, na baba yake mdogo Jaehaerys, wa miaka 14, alikuwa tayari na joka na wafuasi. Jaehaerys akavikwa taji. Alitawala miaka 55, na wengi humhesabu kuwa mfalme bora kuliko wote wa ukoo huo. Hilo silipingi. Ila wanaomsifu husahau kwamba yeye mwenyewe alikaa kitini kwa kumpita binti wa kaka yake, na hakuna aliyeandika sheria ya kusema kama ilikuwa haki au dharura tu.

Swali likarudi nyumbani kwake. Jaehaerys na mkewe Alysanne, ambaye pia alikuwa dada yake, walizaa watoto 13. Mwana mkubwa aliyekua, Aemon, ndiye aliyekuwa mrithi. Mwaka wa 92 Aemon aliuawa, akaacha mtoto mmoja, binti: Rhaenys. (Huyu si yule Rhaenys mke wa Aegon wa Kwanza, bali amepewa jina lake.) Mfalme angeweza kumpa nafasi mjukuu huyu, lakini akampa Baelon, mdogo wake Aemon.

Wasomaji wa pwani watalitambua tatizo hili mara moja. Katika mirathi ya Kiislamu, mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa kabla ya babu huzuiwa na baba yake mdogo aliye hai. Sheria hiyo imeandikwa, inajulikana, na mzee anayewahurumia wajukuu mayatima anaweza kuwausia sehemu ya mali asizidi theluthi. Westeros haikuwa na kitu cha namna hiyo kuhusu kiti. Uamuzi wa mwaka 92 haukueleza sababu yake. Je, Rhaenys aliachwa kwa kuwa mwanamke, au kwa kuwa mjukuu na mtoto bado yupo? Ni mambo mawili tofauti kabisa, na yaliachwa yamechanganywa.

Baelon naye akafa mwaka wa 101, na Jaehaerys alikuwa bado hai. Safari hii mzee hakutaka kuamua peke yake, akaliita Baraza Kuu la mabwana katika ngome ya Harrenhal. Mwishoni walibaki wawili: Viserys, mtoto wa Baelon, na Laenor Velaryon, mtoto wa Rhaenys, kijana wa miaka saba. Viserys alishinda kwa kura nyingi. Tamthilia imefupisha hapo kwa kuwashindanisha Rhaenys na Viserys moja kwa moja, lakini maana ni ileile. Mabwana wengi waliondoka Harrenhal wakiamini kwamba sasa kuna kanuni: kiti hakimwendei mwanamke, wala hakipitii kwa mwanamke. Rhaenys akabaki na lakabu ya Malkia Ambaye Hakuwa.

Tazama udugu wao. Rhaenys na Viserys ni watoto wa ndugu wawili wa kiume. Kwa lugha yetu hao ni kaka na dada, na Rhaenys ndiye mtoto wa baba mkubwa. Katika familia nyingi ninazozijua, mtoto wa nyumba kubwa hubaki na ukubwa wake hata kama umri wake ni mdogo. Ukilichukulia hivyo, unaelewa kwa nini yule mama anakaa kimya katika kila kikao huku uso wake ukisema mengi.

Viserys akawa mfalme mwaka wa 103, kwa uamuzi uliowaweka kando wanawake. Kisha akafanya kinyume chake. Mkewe wa kwanza, Aemma Arryn, ambaye mama yake alikuwa binti wa Jaehaerys, alimzalia binti mmoja aliyeishi, Rhaenyra. Mwaka wa 105 Aemma alifariki kwa uzazi, na kichanga cha kiume kikaishi siku moja tu. Viserys akamtangaza Rhaenyra kuwa mrithi, na mabwana wakapiga magoti na kuapa. Mwaka uliofuata alimuoa Alicent Hightower, binti wa Otto, aliyekuwa Mkono wa Mfalme, cheo kinachokaribia uwaziri mkuu. Alicent akazaa wana watatu, Aegon, Aemond na Daeron, na binti mmoja, Helaena. Mfalme hakubadili neno lake hata siku moja, na wala hakuandika sheria ya kulilinda. Alikufa mwaka wa 129. Upande wa Alicent, unaoitwa Kijani, ukamvika Aegon taji kabla Rhaenyra hajapata habari za msiba wa baba yake. Upande wa Rhaenyra, Weusi, ukamvika yeye kule Dragonstone. Vita hiyo ndiyo Ngoma ya Majoka.

Wapo wanaosema pande zote mbili zilikuwa na hoja, na ni kweli kwamba Kijani walikuwa na Baraza la mwaka 101 la kuegemea. Mimi naona hoja ya Rhaenyra ina nguvu zaidi. Jaehaerys alipompa Baelon nafasi mwaka 92 hakumuuliza mtu, lilikuwa neno la mfalme, likatosha. Anayelikubali neno la mfalme linapomnyima mwanamke hawezi kulikataa neno la mfalme mwingine linapompa. Na Baraza lilimchagua Viserys kuwa mfalme, halikumfunga mikono baada ya hapo.

Sasa majina ya udugu, maana hapa ndipo watazamaji wengi hupotea. Rhaenyra na Aegon wa Pili ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Daemon, mume wa pili wa Rhaenyra, ni mdogo wake Viserys, yaani ni baba yake mdogo. Helaena ni dada wa Aegon wa Pili wa tumbo moja, na ndiye mkewe. Na wana wote wa Alicent ni wajomba wa watoto wa Rhaenyra. Mimi nilipoyaweka hivyo ndipo tukio la ngome ya Storm's End liliponigusa: Aemond juu ya joka Vhagar anamfukuza Lucerys mawinguni, kijana wa miaka 14, na kumuua. Huyo ni mjomba anamuua mpwa wake, mtoto wa dada yake. Anayejua mjomba ni nani katika familia zetu hahitaji maelezo zaidi. Na Vhagar ni joka lilelile alilopanda Visenya wakati wa kuiteka Westeros.

Kuhusu majina ya watu, ushauri wangu ni huu: usikariri jina, kariri mama. Targaryen wanarithisha majina kama wengi wetu tunavyompa mtoto jina la babu. Wafalme walioitwa Aegon ni watano, na katika Ngoma ya Majoka wapo wawili kwa pamoja, mjomba na mpwa. Ukisikia "Aegon wa Alicent" na "Aegon wa Rhaenyra", hupotei.

Nani alishinda vita? Mwaka wa 130 Rhaenyra alikamatwa, na Aegon wa Alicent akampa joka lake limle huku mwanawe mdogo akitazama. Ndiyo maana wengi husema alishindwa. Lakini Aegon naye alitiwa sumu mwaka uliofuata. Wanawe wawili walikuwa wameshauawa, akabaki binti mmoja, Jaehaera. Aliyepewa taji ni yule mtoto aliyelazimishwa kumtazama mama yake akifa: Aegon wa Rhaenyra, sasa Aegon wa Tatu. Wakamwoza Jaehaera ili nyumba mbili ziwe moja. Binti huyo akafa akiwa na miaka kumi, bila mtoto, na kwake ukakatika uzao wa Alicent unaojulikana. Wafalme wote wa Targaryen waliofuata, hadi wa mwisho, walitoka tumboni mwa Rhaenyra.

Martin amesema waziwazi kwamba alichota vita hii katika historia ya Uingereza. Mfalme Henry wa Kwanza alimpoteza mwanawe pekee wa ndoa katika ajali ya meli mwaka 1120, akawaapisha mabwana wake kwa binti yake Matilda. Henry alipofariki mwaka 1135, Stephen, mtoto wa shangazi yake Matilda, akawahi kuvikwa taji, na nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi. Mwishowe Matilda hakukaa kitini. Aliyekaa ni mwanawe, Henry wa Pili, mwaka 1154, na wafalme wa Uingereza waliofuata ni uzao wake. Hadithi ya Rhaenyra imefuata nyayo hizo, ikaongezewa moto.

Turudi kwa swali la mdogo wangu. Rhaenyra alikuwa na mwana mwingine wa Daemon, Viserys, aliyedhaniwa amekufa baharini wakati wa vita. Alirudi mwaka wa 134 akiwa hai, na mke kutoka mji wa Lys. Huyo ndiye kiungo. Wana wa Aegon wa Tatu walitawala mmoja baada ya mwingine, wakafa bila watoto wa kurithi. Walikuwepo dada zao watatu, lakini mwaka wa 171 wakapitwa, na kiti kikaenda kwa Viserys, baba yao mdogo. Wajukuu wa Rhaenyra walinyimwa kiti kwa sababu ileile iliyotumika dhidi ya bibi yao, na aliyefaidika ni mwanawe Rhaenyra. Nikisoma sehemu hiyo huwa naona uchungu.

Basi hesabu: Rhaenyra alimzaa Viserys wa Pili. Mjukuu ni Aegon wa Nne. Kitukuu ni Daeron wa Pili, kilembwe ni Maekar, kilembwekeza ni Aegon wa Tano, ambaye wasomaji wa hadithi fupi za Martin wanamjua kwa jina la utani la Egg. Egg alimzaa Jaehaerys wa Pili, naye akamzaa Aerys, yule Mfalme Mwendawazimu. Aerys alimzaa Daenerys. Ni vizazi vinane kutoka kwa Rhaenyra. Katika tamthilia ya Game of Thrones, Jaehaerys wa Pili ameondolewa, Aerys akafanywa mtoto wa Egg, hivyo vizazi vinapungua kimoja. Kama umewahi kubishana na mtu juu ya hili, inawezekana wote mlikuwa sahihi, mmoja kasoma na mwingine katazama.

Njiani kulikuwa na tawi lililoasi. Aegon wa Nne, akiwa kitandani mwa mauti, aliwahalalisha watoto wake wote wa nje ya ndoa. Mmoja wao, Daemon, alikuwa mtoto wa Daena, mkubwa wa wale mabinti watatu waliopitwa mwaka 171. Akaanzisha ukoo wa Blackfyre, na vita vya kudai kiti vikaendelea kwa vizazi kadhaa.

Yapo mambo matatu yanayosemwa sana na si kweli. La kwanza, kwamba Targaryen haungui. Anaungua. Aegon wa Pili aliungua vibaya vitani, na Egg alifia katika moto wa jumba la Summerhall mwaka wa 259. Daenerys kutoka hai kwenye moto wa kuchomea maiti lilikuwa muujiza wa mara moja, na Martin mwenyewe amelieleza hivyo. La pili, kwamba damu hiyo lazima itoe nywele nyeupe. Baelor, mwana mkubwa wa Daeron wa Pili, alikuwa na nywele nyeusi za mama yake wa Dorne. Vitabuni hata yule Rhaenys wa mwaka 92 alikuwa na nywele nyeusi kwa upande wa mama. Kwa hiyo nywele za kahawia za wana wakubwa watatu wa Rhaenyra peke yake si ushahidi, ingawa ukiangalia mengine yaliyozunguka habari hiyo ni vigumu kuamini kwamba baba yao alikuwa Laenor, mume wake wa kwanza.

La tatu ni kwamba Robert Baratheon, aliyewaangusha, hakuwa na uhusiano nao. Bibi yake, Rhaelle, alikuwa binti wa Egg. Robert alishinda kwa nyundo, lakini yeye na wenzake walipotafuta sababu ya kumweka yeye badala ya bwana mwingine kati ya walioasi, walimtaja bibi huyo. Baada ya karibu karne mbili za kusema kiti hakipitii kwa mwanamke, ukoo ulimpisha mtu aliyekidai kupitia kwa mwanamke.

Wanabaki Daenerys na Jon Snow. Katika tamthilia, ilifichuliwa mwaka 2017 kwamba Jon ni mtoto halali wa Rhaegar, kaka mkubwa wa Daenerys. Kwa hiyo Daenerys ni shangazi yake, na yeye ni mtoto wa mkubwa aliyetangulia kufa kabla ya mfalme. Wengi husema haki ya Jon haina mjadala. Vitabuni, ambako mfululizo mkuu haujakamilika, kitabu chake cha karibuni kabisa kikiwa cha mwaka 2011, na ukweli kuhusu Jon bado haujatamkwa, kuna jambo ambalo tamthilia haikulitaja. Rhaegar alipouawa, Aerys hakumpa nafasi mjukuu wake, mtoto mchanga wa Rhaegar na Elia wa Dorne. Alimtangaza Viserys, mwanawe mdogo, kuwa mrithi, kama Jaehaerys alivyompita mjukuu na kumpa Baelon. Neno hilo la mfalme likisimama, baada ya Viserys kufa anayefuata ni dada yake, Daenerys. Likianguka, kiti kinarudi nyumba ya Rhaegar.